Wang Wei, mshairi wa milima na maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wang Wei ni nani hasa?

Ni mshairi wa China wa karne ya 8, zama za nasaba ya Tang (618–907). Kati ya washairi wa China walioimba mandhari, yeye ndiye anayetajwa mwanzo, na kwa haki. Vitabu vingine husema alizaliwa mwaka 699, vingine 701, na kifo chake huwekwa 759 au 761. Alikuwa pia mchoraji, mwanamuziki na mtumishi wa serikali maisha yake yote. Wachina wamezoea kuwataja washairi watatu wakuu wa Tang kwa sifa zao: Li Bai ni asiyekufa, Du Fu ni mwenye hekima, na Wang Wei ni Budha wa ushairi.

Lipi ni jina la ukoo, Wang au Wei?

Wang. Kwa Wachina jina la ukoo hutangulia. Wei ni jina alilopewa alipozaliwa, na alipokuwa mtu mzima akachukua jina la heshima, Mojie. Ukiunganisha Wei na Mojie unapata Weimojie, ambalo ndilo jina la Kichina la Vimalakirti, mtu mashuhuri katika maandiko ya Ubudha. Vimalakirti hakuwa mtawa. Alikuwa na nyumba, mali na familia, akatembea sokoni kama watu wengine, lakini wanafunzi wa Budha waliogopa kujadiliana naye kwa jinsi alivyowazidi kwa elimu ya dini. Shika hilo, kwa sababu maisha yote ya Wang Wei yamo ndani ya jina hilo.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Ya maofisa. Asili yao ni Qi, karibu na Taiyuan, kisha baba yake akahamia Puzhou, sehemu ambayo leo imo katika jimbo la Shanxi. Mama yake, wa ukoo wa Cui, alikuwa mcha dini sana, akamfuata mwalimu mmoja wa Chan (madhehebu ambayo Wajapani huyaita Zen) kwa zaidi ya miaka 30. Wang Wei alikuwa mtoto wa kwanza. Mdogo wake, Wang Jin, atakuja kumwokoa roho, tutafika huko.

Alianza kuandika lini?

Mapema mno. Shairi lake moja ambalo kila mtoto wa shule wa China analijua aliliandika akiwa na miaka 17. Alikuwa ugenini, siku ya tisa ya mwezi wa tisa, sikukuu ambayo jamaa hupanda mahali pa juu pamoja wakiwa wamejipachika vitawi vya mti wenye harufu kali uitwao zhuyu. Anasema hivi: peke yangu katika nchi ya watu, mgeni wa ugenini, kila sikukuu ifikapo huwakumbuka wangu maradufu. Kisha anafanya jambo ambalo kijana wa miaka 17 hakutarajiwa kulifanya. Badala ya kuendelea kujililia, anahamia kule kwa ndugu zake. Anawaona kwa mbali wamefika kileleni, kila mmoja na kitawi chake, na wakihesabiana anapungua mtu mmoja.

Yaani yeye. Ameandika shairi la kutokuwepo kwake mwenyewe. Naomba msomaji asiliache hilo lipite, maana mtu huyu asiyeonekana atarudi tena na tena katika kazi zake hadi mwisho.

(Kichwa cha shairi kinataja ndugu walio "Shandong". Si jimbo la Shandong la leo. Maana yake ni mashariki ya mlima, nao ni mlima Hua.)

Alifanya kazi gani serikalini?

Nyingi, na kwa kupanda na kushuka. Mwaka 721 alifaulu mtihani wa jinshi, mtihani mgumu kuliko yote ya kuingia utumishi wa kaizari. Ipo hadithi kwamba alimpigia binti wa mfalme pipa, ala inayofanana na udi, binti akavutiwa, ndipo mlango wa mtihani ukafunguka. Hadithi ni tamu, nami ninaichukua kama hadithi. Lakini kwamba alikuwa fundi wa muziki ni kweli, kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa unaibu katika ofisi ya muziki ya ikulu.

Haikudumu. Wachezaji waliokuwa chini yake walicheza ngoma ya simba wa manjano, ambayo ilikuwa haki ya kaizari peke yake. Akashushwa cheo na kupelekwa Jizhou, mbali upande wa mashariki, kusimamia maghala. Alirudi ikulu mwaka 735, waziri mkuu alipokuwa Zhang Jiuling, mtu mwadilifu na mshairi pia. Miaka miwili baadaye Zhang akaangushwa na wapinzani wake, na Wang Wei akatumwa mpakani kaskazini magharibi. Njiani huko jangwani alitunga mishororo miwili ambayo haijafifia hadi leo:

*Jangwa kubwa, moshi mmoja wima;*
*mto mrefu, jua la kutua duara.*

Angalia zinavyokabiliana: jangwa kwa mto, kubwa kwa mrefu, moshi kwa jua, wima kwa duara. Ni fundi wa kuchora anayesema.

Nilisikia alikuwa mtawa aliyejitenga milimani. Si kweli?

Si kweli, na hili ndilo kosa linalonisikitisha kuliko yote juu yake. Hakuwahi kunyoa kichwa na kuingia utawa, wala hakuwahi kuacha kazi moja kwa moja. Alikuwa na nyumba huko mlimani, akaenda kila alipopata nafasi, kisha akarudi mjini Chang'an (Xi'an ya leo) kwenye mafaili na vikao. Wachina wana msemo wa kueleza maisha ya namna hii: nusu ofisi, nusu faragha.

Ni kweli kwamba aliishi kwa kujinyima. Mke wake alifariki mapema, naye hakuoa tena, akakaa peke yake miaka 30. Hakula nyama, hakuvaa nguo za rangi. Historia ya zamani ya Tang inaorodhesha vitu vilivyokuwa chumbani mwake: chombo cha kuchemshia chai, kinu cha dawa, meza ya vitabu vya dini, na kikalio cha kamba. Hapana kingine. Lakini chumba hicho kilikuwa mjini, na asubuhi mwenye chumba alikwenda kazini.

Ukimsoma kama mtu aliyewakimbia watu, mashairi yake yanakuwa picha nzuri za ukutani tu. Ukimsoma kama mtu ambaye kila mara atarudi kwa watu, unaanza kusikia sauti zao mle ndani.

Wangchuan ni nini?

Ni bonde lililoko Lantian, kusini mashariki ya Chang'an, ambako milima ya Qinling inaanza. Pale palikuwa na shamba lililowahi kuwa la mshairi wa kabla yake, Song Zhiwen, na Wang Wei akalichukua. Mama yake aliishi huko pia, akiomba na kutafakari.

Yeye na rafiki yake kipenzi, Pei Di, aliyekuwa mdogo wake kwa umri, walichagua mahali 20 katika bonde lile: kilima, bwawa, maporomoko madogo, kichaka cha mianzi, bustani ya miti ya pilipili, na kadhalika. Kila mmoja akatunga shairi la mishororo minne kwa kila mahali. Yakawa mashairi 40, na mkusanyo huo ndio kilele cha ushairi wa mandhari wa China. Kama mashairi ya kujibizana tunayoyajua sisi, ila bila ushindani: Wang Wei anasema lake, Pei Di anasema lake, wote wakiwa wamesimama mahali pamoja.

Barua aliyomwandikia Pei Di siku moja ya mwisho wa baridi naipenda kuliko baadhi ya mashairi yake. Anasema hakutaka kumsumbua, maana Pei alikuwa akisoma kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo alipanda kilima cha Huazi peke yake usiku. Mto ulikuwa ukimeremeta na mwezi. Mioto ya mbali ilikuwa ikiwaka na kufifia nyuma ya msitu. Vichochoroni mbwa walikuwa wakibweka kwa baridi, sauti yao kama ya chui. Na kijijini walikuwa wakitwanga nafaka usiku, mchi na kengele ya mbali vikipokezana. Aliyewahi kulala kijijini na kusikia kinu cha jirani usiku hahitaji kuelezwa zaidi. Mwishoni anamwalika aje majira ya kuchipua, samaki watakapokuwa wakiruka majini na kwale wakilia alfajiri kwenye mashamba ya ngano. Barua yenyewe aliipeleka kwa mkono wa mtu aliyekuwa akishuka mlimani na mzigo wa magamba ya mti wa dawa.

Shairi lake maarufu kuliko yote ni lipi?

Kati ya yale 20, ni "Lu Zhai", yaani Zizi la Paa. Lina maneno 20 tu. Kwa matamshi ya leo ni hivi, na chini yake nimeweka maana neno kwa neno:

*kong shan bu jian ren*
tupu – mlima – si – ona – mtu

*dan wen ren yu xiang*
ila – sikia – mtu – neno – vuma

*fan jing ru shen lin*
rudi – nuru – ingia – kina – msitu

*fu zhao qing tai shang*
tena – angaza – kijani – utando – juu

Nimejaribu kulitia katika Kiswahili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Shida ya kwanza ni kitenzi. Kichina hakisemi nani anaona wala lini. Sisi hatuwezi kusema "ona" likasimama lenyewe, lazima lipate kiambishi. Nikisema "sioni mtu", nimejipachika mlimani, na sikualikwa. Nikisema "hatuoni", nimeleta kundi zima. Lakini Kiswahili kina mlango wake. Tunayo "haonekani", ambapo mtu haonekani kwa jicho la yeyote. Na tunayo *hu-* ya mazoea: husikika, huingia, huangaza. Haina nafsi na haijafungwa na wakati. Mwalimu wa sarufi huipitia haraka darasani, nami naamini ndiyo iliyo karibu zaidi na sauti ya Wang Wei kuliko umbo lolote jingine tulilo nalo.

Shida ya pili ni "tupu". Ukiandika "mlima mtupu", msomaji wa Kiswahili huona kipara, mlima usio na miti. Lakini mshororo wa tatu una msitu mzito. Nilifikiri niandike "mlima mtulivu". Nikarudi nyuma, kwa sababu *kong* ndilo neno ambalo Wabudha wa China hulitumia kwa utupu, lile fundisho kwamba hakuna kitu kinachosimama peke yake bila vingine. Nikaliacha. Na *tai* ya mwisho ni ule utando wa kijani unaoota juu ya mawe ya kivulini yenye unyevu. Basi nimefika hapa:

*Mlima mtupu, mtu haonekani,*
*ila husikika sauti za watu.*
*Nuru hurejea, huingia mwituni,*
*huangaza tena kijani cha mawe.*

Nuru inayorejea ni ya jua la jioni. Mchana miti huizuia. Jua likishuka, miali huja kwa ubavu, hupita chini ya matawi, ikayafikia mawe ambayo hayakuwa yameona mwanga tangu asubuhi. Ni dakika chache tu. Na tazama mpangilio: mtu haonekani, lakini anasikika. Mlima huu si mtupu kwa kukosa watu. Watu wamo, wanaongea, pengine wakata kuni wanarudi nyumbani, na utupu ndio unaoziwezesha sauti zao kufika.

Mashairi haya yana kanuni kama yetu ya vina na mizani?

Yana kanuni kali. Aina aliyoipenda, *jueju*, ina mishororo minne kama ubeti wetu wa tarbia. Kila mshororo una mizani 5 au 7, kwa kuwa kila neno ni silabi moja. Mshororo wa mizani 5 hukatika baada ya ya pili: 2 na 3. Wa mizani 7 hukatika 4 na 3. Kwa hiyo ukwapi na utao vipo, ila havilingani kama vyetu vya nane kwa nane. Vina huwa mwishoni tu, kwenye mshororo wa pili na wa nne, na mara nyingine hata wa kwanza. Katika "Lu Zhai" ni *xiang* na *shang*. Kina cha kati hakuna, na kibwagizo hakuna.

Aina ndefu, *lüshi*, ina mishororo 8, na ile minne ya katikati hupangwa miwili miwili ikikabiliana neno kwa neno, kama ile ya moshi na jua. Juu ya hayo kuna kanuni ya toni, kwa sababu Kichina ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti. Hapo Kiswahili hakiwezi kumfuata, na hakuna haja ya kujilaumu.

Ni kweli aliwahi kuwatumikia waasi?

Ni kweli kwamba alishikwa na kulazimishwa. Mwishoni mwa mwaka 755 jenerali An Lushan aliasi, na mwaka uliofuata Chang'an ikaanguka. Kaizari Xuanzong alikimbilia Shu, Sichuan ya leo. Wang Wei hakuwahi kutoka. Alimeza dawa ya kujiharisha na kujifanya bubu ili asifae kwa kazi, lakini jina lake lilikuwa kubwa mno. Waasi walimchukua hadi Luoyang, makao yao makuu, wakamfungia katika hekalu la Puti, kisha wakampa cheo katika serikali yao.

Siku moja An Lushan alifanya karamu kando ya bwawa la Ningbi na kuwaamuru wanamuziki wa ikulu wapige. Wakapiga huku wakilia. Mmoja wao, Lei Haiqing, alitupa ala yake chini, akauawa. Pei Di alikwenda kumtembelea rafiki yake kifungoni na kumsimulia, na Wang Wei akatunga papo hapo mishororo minne. Miwili ya mwisho inasema:

*Majani ya vuli yaanguka ndani ya kasri tupu;*
*kando ya bwawa la Ningbi wanapiga filimbi na nyuzi.*

Neno "tupu" hapa ni lilelile *kong* la mlimani. Kule mlimani utupu ulibeba sauti za watu wanaokwenda zao. Hapa kasri ni tupu kwa kuondokewa na watu wake, na muziki umejaa bila mtu wa kuufurahia. Sijui mshairi mwingine aliyelipitisha neno moja katika moto wa namna hii.

Mji ulipokombolewa mwaka 757, waliopokea vyeo kwa waasi waliadhibiwa, wengine kwa kifo. Shairi la Ningbi lilikuwa limekwisha kumfikia kaizari mpya, Suzong, likasimama kama shahidi wake. Na Wang Jin, aliyekuwa ofisa mkubwa wa sheria, akaomba avuliwe cheo chake ili kaka yake asamehewe. Wang Wei akashushwa cheo kidogo tu, na baadaye akapanda hadi naibu wa kulia wa baraza kuu la utawala, ndiyo maana vitabu vya kale humwita Wang Youcheng.

Kwangu mimi hakuwa msaliti. Lakini yeye mwenyewe hakujisamehe. Maandishi yake ya miaka ya mwisho yamejaa aibu ya kubaki hai.

Shairi gani huimbwa?

Lile la kumuaga rafiki aliyetumwa Anxi, magharibi ya mbali. Mvua ya asubuhi imelaza vumbi jepesi mjini Weicheng. Nyumba ya wageni imezungukwa na kijani kipya cha mierebi. Maliza kikombe kimoja tena. Ukivuka lango la Yang kwenda magharibi, hakuna wa kukujua. Mwerebi kwa Kichina ni *liu*, na neno lenye maana ya "kubaki" pia hutamkwa *liu*, kwa hiyo watu waliagana kwa kuvunja kitawi cha mwerebi. Wang Wei hasemi "baki". Anaonyesha miti tu. Shairi liligeuzwa wimbo tangu enzi za Tang, na hadi leo hupigwa kwa qin, ala ya nyuzi saba.

Michoro yake inaonekana wapi?

Ya mkono wake hakuna hata mmoja uliothibitika. Mchoro wake wa bonde la Wangchuan tunaujua kwa nakala za wachoraji wa baadaye. Hata hivyo sifa yake ya uchoraji haikuanguka. Su Shi, mshairi wa karne ya 11, alisema kwamba ukionja mashairi ya Mojie kuna mchoro ndani yake, na ukitazama michoro yake kuna shairi ndani yake. Nao Wachina huita mchoro wa mandhari *shanshui*: mlima na maji.

Yamebaki mashairi mangapi?

Karibu 400. Baada ya kifo chake kaizari Daizong alimwomba Wang Jin kazi za kaka yake. Wang Jin akajibu kwamba baada ya vita halikubaki hata moja katika kumi, na kwamba hayo aliyonayo ameyaokota kwa ndugu na marafiki.

Alikufaje?

Historia ya Tang inasema alipoona saa imefika aliomba kalamu. Wang Jin alikuwa mbali, akamwandikia barua ya kuaga, akawaandikia na marafiki wengine, akaweka kalamu chini, akafa. Nyumba ya Wangchuan alikuwa ameshaitoa iwe hekalu kwa ajili ya mama yake. Hekalu halipo tena. Umebaki mti mmoja mkubwa wa ginko, na wenyeji wa bonde husema aliupanda mwenyewe.